Msikilizeni Mteja, Msivizie Majina Yenu

Hudhuria semina yoyote ya masoko ya mtandaoni siku hizi, iwe Dar es Salaam au Nairobi, hutaondoka bila kufundishwa jambo hili: fungua programu ya ufuatiliaji, andika jina la kampuni yako, jina la mshindani wako na maneno kadhaa ya sekta yako, kisha washa arifa. Mtu yeyote akiyataja LinkedIn, simu yako italia. Wahi kukomenti kabla ya wengine, ingia inboksi yake, biashara itakufuata. Fundisho hili limeshakuwa kanuni. Limeandikwa kwenye mipango kazi ya mashirika, vijana wa mawasiliano wanapimwa kwalo kila mwisho wa mwezi, na mawakala wa matangazo wanaliuza kwa ada isiyo ndogo.

Nalipinga. Sipingi ufuatiliaji wenyewe, maana thamani yake naijua: anayefahamu wateja wanalalamikia nini, wanatafuta nini na wanaambizana nini, atawahudumia vizuri kuliko yule anayekaa ofisini akisubiri simu. Ninachopinga ni imani kwamba kazi hii huisha ukishaandika majina na kuwasha arifa. Anayefanya hivyo atasikia kelele nyingi juu ya jina lake, na hatasikia karibu chochote juu ya ile shida ambayo biashara yake ipo ili kuitatua.

Chukua saruji. Tanzania ina Twiga inayotengenezwa Wazo Hill, ina Simba ya Tanga, ina Tembo ya Mbeya. Mwambie kijana wa mawasiliano afuate fundisho la semina kwa moja ya hizo, aandike "Simba" na kuwasha arifa. Siku ya kuelekea pambano la watani wa jadi wa soka, Simba na Yanga, ataletewa uchambuzi wa vikosi, salamu za wafanyakazi wa benki wanaotaniana na wenzao mashabiki wa Yanga, picha za waongoza watalii kutoka Serengeti na Ngorongoro, na matangazo ya kambi za kitalii. Kwa Tembo na Twiga mambo ni yale yale, kwa sababu utalii ni sekta kubwa nchini na watu wake wanaposti kila siku. Fundi wa Kibaha aliyelalamika kwamba nusu ya mifuko aliyouziwa ilikuwa imeganda yumo humo humo, chini kabisa, na hakuna atakayeshuka kumfikia.

Mwalimu wa semina atasema dawa ipo, ongeza masharti. Ni kweli ipo. Sehemu ya kutafutia ya LinkedIn inakubali alama za kunukuu kwa kifungu kamili, inakubali mabano, na inakubali yale maneno matatu ya Kiingereza yanayoandikwa kwa herufi kubwa, AND, OR na NOT, ambayo mantiki yake inarudi nyuma hadi kwa mwanahisabati George Boole na kitabu chake cha mwaka 1854. Basi kijana anaandika: "Simba" AND (saruji OR simenti OR cement) NOT (Yanga OR mechi). Kelele inapungua papo hapo na bosi anafurahi. Lakini angalia nani ameondoka na hiyo kelele. Mkandarasi akiandika, "Simenti ya Simba imepanda tena, hela hii bora ningeenda kuangalia mechi," hataonekana, kwa kuwa ametaja mechi. Naye ndiye hasa aliyetakiwa kusikika: ametaja bidhaa, ametaja bei, amesema amechoka. Kila neno linalowekwa baada ya NOT linaondoa watu pamoja na kelele, na sisi tuna mazoea ya kuzungumza biashara na mpira kwa pumzi moja. Masharti hayo yasiwekwe na mtu anayetaka tu orodha fupi. Yawekwe na mtu aliyekwisha kusoma posti za kutosha kujua anatupa nini.

Jina lina udhaifu mwingine: lina mwenye nalo, na mteja si yeye. Novemba 2024 Tigo ya Tanzania ilibadili jina ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Mabango yalibadilika, sare zikabadilika, programu za simu zikabadilika. Mdomo wa mteja haubadiliki kwa tangazo. Mtu aliyezoea kusema "nitumie kwa Tigo" ataendelea kusema hivyo, na atakayefuatilia jina jipya peke yake atapata picha ya wateja wachache waliolizoea haraka, akidhani ndiyo picha ya wote. Umeme ni hivyo hivyo. Mtu akikatikiwa hana haja ya kulitaja shirika kwa jina lake rasmi. Anaandika "wamekata tena", na kila msomaji Mtanzania anajua ni nani waliokata. Kampuni ya sola ya Arusha inayofuatilia "nishati jadidifu" na "suluhisho la nishati" haitamwona kamwe mfugaji anayeandika, "Umeme umekatika usiku mzima, vifaranga vyote vimekufa kwenye inkubeta." Mfugaji huyo anahitaji sola leo. Hajui neno jadidifu, wala hana sababu ya kulijua.

Hapo ndipo ninapokataa msingi wenyewe wa fundisho hili. Maneno ya kufuatilia yanachukuliwa kutoka kwenye kadi ya biashara, kwenye tovuti na kwenye ripoti ya mwaka, yaani maneno ya muuzaji. Mwenye shida hazungumzi maneno ya muuzaji. Anazungumza shida.

Tena anaizungumza kwa lugha ambayo mashine hizi hazikutengenezewa. Katika Kiingereza neno lenye maana ya mkopo lina maumbo machache, na kazi ya kukata viambishi vyake ilifanyika zamani. Mtaalamu wa kompyuta Martin Porter alichapisha utaratibu wake wa kuvikata mwaka 1980, na mitambo mingi ya kutafutia imeutumia tangu hapo. Kiswahili hubadilika mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno. Benki inayofuatilia neno "mkopo" haitamwona aliyeandika "walinikopesha", wala "tumekopa", wala "wakulima hatukopesheki", wala "tukope wapi sasa". Chukua kitenzi "kopa" peke yake: nafsi 6 kwa njeo 4 za kawaida ni maumbo 24, na hapo hujagusa ukanushi, hujaweka mtendwa, hujafika kwenye kukopesha, kukopeshwa na kukopesheka. LinkedIn haipokei alama ya nyota ya kusimamia herufi zilizobaki, kwa hiyo huwezi kuandika "kop" ukaongeza nyota na kuyakusanya yote. Itabidi uyaandike moja moja.

Ujuzi wa kuchambua maneno yetu upo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza miaka ya 1980 kujenga mfumo wa kompyuta wa kuchambua Kiswahili, ambao baadaye ulijulikana kama SALAMA. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema haiwezekani. Kinachonikera ni wauzaji wa programu za ufuatiliaji wanaokuja kwetu na kusema bidhaa zao zinafanya kazi kwa lugha zote, na wanunuzi wetu wanaotia saini bila kujaribu hata sentensi moja. Jaribio lenyewe ni jepesi. Andika posti kwa kutumia akaunti ya mwenzako: "Jamani nimekopeshwa kwa riba ya kuua." Kisha subiri uone kama arifa ya "mkopo" italia. Isipolia, usilipe.

Nitaonyesha nini kinawezekana, kwa mfano wa wakala wa forodha katika bandari ya Dar es Salaam. Orodha ya kawaida itakuwa na jina la kampuni, "forodha", "usafirishaji wa mizigo", "huduma za bandari" na "uondoshaji wa shehena". Maneno haya yote ni sahihi, na yote huandikwa na mawakala wengine. Ukiyafuatilia utasoma matangazo ya washindani wako asubuhi hadi jioni. Sasa sikiliza mwenye mzigo. Anasema "mzigo wangu umekwama". Anasema "kontena langu lina wiki mbili bandarini". Anasema "wameniambia nilipie storeji". Anasema "wadau, naomba mtu mwaminifu wa kunitolea mzigo". Kwa adabu ya LinkedIn, ambako bosi wake na wateja wake wanamsoma, huenda asilalamike kabisa. Atauliza tu: "Nani ana namba ya wakala mzuri?"

Humo mna maneno yasiyobadilika sana: "kontena", "container", "bandarini", "storeji", "wadau", "naomba", "naombeni", "mwenye namba", "nani anamfahamu". Ukiyaunganisha, ukaandika ("wadau" OR "naomba" OR "naombeni" OR "nani ana") AND (kontena OR container OR mzigo OR bandarini), unapata orodha fupi ya watu wanaoomba kitu. Nusu yake pengine haikuhusu. Nusu nyingine ni kazi yako. Na mwenye jicho atagundua kwamba sehemu ya kwanza ya sharti hilo haina uhusiano wowote na forodha. Ni namna Watanzania wanavyoomba msaada hadharani. Kenya utaibadilisha iwe "nisaidieni na", "mwenye anajua" na "nani ako na". Kwa wafanyabiashara wa Lubumbashi, ambao mizigo yao hupita Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa kabla ya kuwafikia, utaongeza "conteneur" na "dédouanement", kwa kuwa Kiswahili chao huandikwa kikiwa kimeshikana na Kifaransa. Kifungu cha kuomba ni cha thamani kuliko jina la bidhaa, na sijasikia semina inayokifundisha.

Najua jibu linalokuja: LinkedIn ni mtandao wa Kiingereza, wataalamu wetu wanaandika Kiingereza, kwa nini kujitesa na Kiswahili? Ni kweli kwamba posti nyingi za kitaaluma Afrika Mashariki ni za Kiingereza. Lakini tazama ni posti za aina gani. Mtu anapotangaza cheo kipya, cheti kipya au mkutano aliohudhuria, anaandika Kiingereza. Anapokasirika, anapokwama, anapomjibu rafiki yake kwenye komenti, anarudi kwenye Kiswahili, au anaanza Kiingereza na kumalizia Kiswahili. Yaani lugha hubadilika pale hasa ambapo maneno yana habari kwa mwenye biashara. Anayefuatilia Kiingereza tu anakusanya sherehe za watu na kukosa shida zao. Tena wapo wenye viwanda vidogo, mafundi wenye leseni, wauguzi, walimu na wakulima wa kibiashara wanaoingia kwenye mitandao hii ya kikazi kila mwaka, na hawakuja ili kujaribiwa Kiingereza chao.

Jibu la pili ni jipya zaidi na lina nguvu zaidi. Wanasema akili mnemba imeshamaliza tatizo hili: mashine ya sasa inasoma maana, hailinganishi herufi. Nakubali kwamba imesogea mbele sana. Mashine ya lugha ya leo ikipewa posti moja ya Kiswahili, mara nyingi itaeleza inahusu nini. Ila kuna vizingiti viwili ambavyo wauzaji hawavisemi. Kwanza, ni lazima ipewe posti hiyo. Mashine haiwezi kuchambua kisichoifikia, na kinachoifikia bado kinachujwa na maneno uliyoandika wewe pale mwanzoni. Ukichuja vibaya, utachambuliwa kwa ustadi mkubwa uchafu ulioukusanya. Pili, mashine hizi zimelishwa Kiingereza kingi mno kuliko Kiswahili, na hasa Kiswahili cha mtaani. Mteja akiandika "huduma ya hawa jamaa ni balaa", amesifu au amelaani? Akiandika "fundi wao ni hatari"? Msomaji wa Kariakoo ataangalia sentensi iliyotangulia, ataangalia nani anamwandikia nani, atajua. Ripoti inayogawanya posti 300 kuwa chanya, hasi na za kati, kisha ikapelekwa kwenye kikao cha wakurugenzi ikiwa na mchoro wa rangi tatu, haijajua. Nimeona maamuzi ya fedha yakifanyika juu ya michoro ya namna hiyo, na hakuna mtu mle chumbani aliyekuwa amesoma hata posti 10 kati ya zile zilizohesabiwa.

Sasa hili la kuwahi. Hapa ndipo fundisho linapoharibu tabia za watu, na ndilo linaloniudhi zaidi. Kijana anaambiwa thamani ya arifa ni dakika: ukikomenti mapema utaonekana na wengi, mwenye posti atakukumbuka, utampiga kumbo mshindani. Matokeo yake tunayaona kila siku. Mtu anaandika kwamba amefiwa na mshirika wake wa biashara, neno "biashara" linagusa arifa ya mtu, na komenti ya kwanza ni ya kampuni ya mafunzo ya ujasiriamali ikimkaribisha kwenye kozi. Mama anaandika kwamba ameachishwa kazi baada ya kujifungua, na kabla wenzake hawajampa pole, wakala wa bima ameshaweka namba ya simu. Wanaofanya hivi si watu wabaya. Wamefundishwa vibaya. Wamefundishwa kwamba neno likionekana, nafasi ya kuuza imeonekana.

Neno likionekana kuna jambo moja tu la kufanya, kusoma. Posti yote, hadi mwisho. LinkedIn inaruhusu herufi 3,000 kwa posti moja, na arifa hukuonyesha mstari mmoja. Soma na komenti zilizokwishawekwa. Mara nyingi mwenye shida ameshasaidiwa, na ukiingia utakuwa unapiga kelele. Mara nyingine hakuuliza, alikuwa anasimulia tu. Na mara chache, chache kweli, kuna mtu amekwama, hajajibiwa, nawe unalo jibu. Huyo mjibu. Mpe jibu lenyewe hadharani, bure, kwa ukamilifu: nenda ofisi fulani, chukua fomu fulani, usimlipe mtu kabla hujaona stakabadhi. Usimwambie "njoo inboksi". Watu wengine 40 wenye shida hiyo hiyo watasoma komenti yako kwa miezi, nao ndio watakaokutafuta. Kati ya jibu kamili lililowekwa jioni na "njoo inboksi" lililowekwa ndani ya dakika mbili, najua ni lipi ningempigia simu mwandishi wake.

Lipo jambo ambalo linanyamaziwa, nalo ni ufuatiliaji wa wafanyakazi. Mfumo ule ule uliowekwa kusikiliza wateja hugeuzwa kimya kimya kuwasikiliza walioajiriwa: "natafuta kazi", "fursa mpya", "nimechoka", jina la meneja fulani. Utetezi wake hujulikana, kwamba posti ni za hadharani, aliyeziandika aliziweka mwenyewe. Kesi ya hiQ Labs huko Marekani inafaa kukumbukwa hapa. Kampuni hiyo ilikuwa ikikusanya kwa mashine taarifa za hadharani za watumiaji wa LinkedIn, kisha ikiwauzia waajiri utabiri wa ni mfanyakazi gani yuko njiani kuondoka. LinkedIn iliitaka iache mwaka 2017, wakaenda mahakamani, na kwa miaka kadhaa hiQ ilipata nafuu za awali. Waliopenda kukusanya taarifa za watu walishangilia hukumu za 2019 na Aprili 2022 kana kwamba mambo yameisha. Hayakuwa yameisha. Novemba 2022 mahakama iliona kwamba hiQ ilikuwa imevunja mkataba wa matumizi wa LinkedIn, na mwezi uliofuata kesi ikafungwa kwa maelewano na hukumu ya dola 500,000 dhidi ya hiQ. Mkataba huo huo unakataza roboti za kukusanya posti na za kukomenti, na unamhusu kila mwenye akaunti, wa Temeke na wa Westlands. Programu nyingi za bei rahisi zinazouzwa kwetu kwa ahadi ya "ufuatiliaji wa moja kwa moja" hufanya kazi kwa kuingia kwenye akaunti yako na kujifanya wewe. Akaunti ikifungiwa, muuzaji hatakuwepo.

Na sheria zetu wenyewe zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili zinataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi mahususi na halali. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliipiga klabu moja ya starehe ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Mteja huyo alikuwa mahali pa watu, mbele ya watu. Hilo halikuifanya sura yake kuwa mali ya klabu. Basi mwajiri anayetunza jedwali la posti za wafanyakazi wake ajiulize kusudi lake ni lipi na kama anaweza kulitaja mbele ya mamlaka inayosimamia sheria hiyo. Mimi nasema wazi kwamba jedwali hilo halifai kuwepo. Mfanyakazi anayeandika kwamba amechoka anapaswa kuulizwa na msimamizi wake ana kwa ana, si kuwekewa rangi nyekundu kwenye faili asilolijua.

Nikiulizwa kifanyike nini badala ya fundisho la semina, jibu langu halihitaji programu ya kulipia, angalau si mwanzoni. LinkedIn humwezesha mtumiaji wa kawaida kutafuta posti, kuzipanga kwa upya wake, na kuchuja zile za saa 24 zilizopita au za wiki. Ukishapata sharti linalofaa, kiungo cha matokeo hayo kihifadhi kwenye kivinjari, ukifungue asubuhi. Google Alerts, iliyopo tangu 2003, inaweza kusaidia kwa habari na blogu, lakini usiitegemee kwa LinkedIn, kwa sababu sehemu kubwa ya posti iko nyuma ya mlango wa kuingilia ambao Google haiupiti. Masharti yawe machache, matano au sita, na kila moja liwe na mtu anayejua kwa nini lipo. Lisiloleta kitu mwezi mzima lifutwe. Kisha weka daftari la kawaida lenye safu tatu: mtu alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, tulijibu au tuliacha, na kwa nini. Daftari hilo ndilo lipelekwe kwenye kikao badala ya mchoro wa rangi. Mkurugenzi anayesoma sentensi 12 halisi za wateja wake atajua kuhusu kampuni yake mengi ambayo asilimia hazitamwambia.

Na kijana wa mawasiliano asipimwe kwa idadi ya komenti alizowahi. Apimwe kwa mambo mapya aliyoyaleta ndani: malalamiko ambayo idara ya huduma haikuwa nayo, swali ambalo tovuti haijibu, neno jipya ambalo wateja wameanza kuiitia bidhaa. Akileta moja kwa wiki, amefanya kazi.

Kwa hiyo wewe mwenye ofisi, ambaye pengine mezani kwako ipo ankara ya programu ya ufuatiliaji inayosubiri saini, iache hapo kwa siku moja. Nenda mapokezi, ukae na dada anayepokea simu, na umwombe akusomee jumbe za WhatsApp za wiki hii kama zilivyo. Andika maneno yao yote, na makosa ya tahajia yaache yalivyo: "simenti", "saluji", "kontaina", "mnanitolea lini mzigo". Kisha andika vifungu walivyoanzia walipoomba msaada. Karatasi hiyo ndiyo orodha yako ya kwanza. Irudie kila baada ya miezi mitatu na dada yule yule, na umlipe kwa kazi hiyo.